Moyo wa Odeta na Saa ya Majina

Kila alasiri, jua lilipoanza kuegemea upande wa Burundi, Odeta aliacha lolote alilokuwa akilifanya. Kama ni maharage yako jikoni, basi yaungue. Kama ni mtu yuko katikati ya mazungumzo, atamaliza kesho. Aliingia kwenye kibanda chake cha shitingi, yale maturubai ya plastiki, pale kambini, akaketi juu ya gunia tupu, akaitoa redio kwenye kitenge, akasema moyoni, "Bwana, na iwe leo," kisha akaiwasha.

Ilikuwa saa ya majina. Katika miaka ile ya wakimbizi redio ilikuwa ikisoma majina ya watu waliopoteana njiani: fulani, mtoto wa fulani, wa kilima fulani, anamtafuta mama yake, mwenye habari aende kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Saa hiyo kambi yote ilipoa. Hata wale waliokuwa wakigombania foleni ya maji walinyamaza, maana nani ajuaye, jina linalofuata huenda likawa la kwake.

Odeta alikuwa akilisubiri jina moja tu, la Iteka, binti yake.

Redio yenyewe ilikuwa kichekesho. Spika yake ya asili ilikuwa imepasuka, na fundi mmoja wa Rusumo akaiwekea spika kubwa iliyong'olewa kwenye lori bovu. Haikuenea ndani ya kasha, hivyo ikabaki nje ikining'inia kwa nyaya mbili, imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Kwa nyuma ilikuwa na donge jeusi la duara, na kila kipande cha chuma kilichopita karibu kilirukia hapo na kunata. Odeta aliona ni baraka. Sindano yake ya kushonea, iliyokuwa ikipotea kila mara kwenye vumbi, sasa aliibandika pale na kila akiitaka aliikuta.

Mawe ya redio yalikuwa yamechoka. Aliyaanika juani asubuhi, lakini sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Kwa hiyo akajifunza namna yake. Aliilaza spika kifuani upande wa kushoto, chini kidogo ya mfupa wa bega, donge jeusi likikaa mwilini na mdomo wa spika ukitazama sikio. Akaikaza kwa kitenge, akainamisha kichwa kama mama anayesikiliza pumzi ya mtoto. Hivyo mikono ilibaki huru kushika rozari.

Na hapo, kabla majina hayajafika mwisho, moyo ulikuwa ukianza.

Ulianza kwa kishindo, kama mtu amegonga mlango kwa kiwiko. Kisha mapigo yakashika mbio za kulingana, kavu, kama mashine ya kusaga. Halafu kule juu, karibu na koo, kitu kikatetemeka kama kuku aliyefungwa miguu. Jasho la baridi likamtoka, maneno ya redio yakaenda mbali, yakarudi, yakaenda tena. Majina yalipoisha alifungua kitenge, akalala kwa ubavu. Mtetemo wa juu ulikaa naye hata giza likaribie, kisha ukaondoka wenyewe bila kuaga.

Jirani yake, Bernadetha, mwanamke mwenye huruma lakini mwenye ulimi usiojua pazia, aliliona jambo hilo siku nyingi. Akavumilia, akashindwa.

"Mama Iteka, nikwambie neno, usinichukie?"

"Sema, utasema tu hata nikikataa."

"Moyo wako unatulia asubuhi. Unatulia ukibeba maji. Unatulia ukilima. Unaruka saa ya majina peke yake. Moyo wa mama haudanganyi. Huo unajua kitu ambacho wewe hutaki kukijua."

Odeta alikuwa ameshaliwaza hilo mwenyewe, na kusikia likisemwa kwa sauti kulikuwa kama kusukumwa mtoni.

Mtoni ndiko alikompoteza Iteka. Walipofika Ruvubu watu walikuwa wengi kuliko mitumbwi, na milio ya bunduki ilikuwa ikishuka kilimani nyuma yao. Iteka alikuwa na miaka kumi na sita, amejitwika sufuria. "Tangulia, mama," alisema, "na moyo wako huo. Mimi nitavuka na huu unaofuata." Uliofuata ukavuka. Ndani yake walikuwamo watu wa kila kilima, Iteka hakuwamo.

"Moyo wako huo." Aliyasema hayo kwa sababu moyo wa Odeta ulikuwa na historia yake. Alikuwa mpishi wa masista kule Gitega, na mwaka mmoja akaanza kuanguka ovyo. Mara anakoroga uji, mara yuko chini. Masista wakampeleka Nairobi. Daktari akamwekea chini ya ngozi, upande wa kushoto wa kifua, kitu bapa kama kiberiti, chenye nyaya nyembamba zinazoshuka hadi moyoni. Sista Priscila alimfasiria: moyo una vyumba vya juu na vya chini; vya juu ndivyo vinavyotoa amri ya kupiga, na kwake yeye njia ya kupeleka amri imekatika, basi kitu hiki kitaipeleka badala yake. Watu walikiita betri ya moyo. Wakamwonya asikae karibu na mashine kubwa za umeme. Alipofika kambini onyo hilo lilimchekesha. Umeme wenyewe uko wapi?

Kilichomfikisha Mugoma, kijiji cha wenyeji jirani na kambi, ni njaa. Mgao ulipopungua, wakimbizi wengi walitoka kutafuta kibarua kwa wenyeji, na Odeta akaangukia kwenye migomba ya Adelfina, mke wa Minani. Alipalilia, akapewa ndizi. Kihangaza cha wenyeji na Kirundi chake ni watoto wa tumbo moja, kwa hiyo siku ya kwanza tu walikuwa wameshacheka pamoja, na siku ya pili walikuwa wamesali pamoja. Redio ile ilikuwa ya Minani. Adelfina aliposikia habari za Iteka aliichukua kwenye kigingi na kumpa.

"Mume wako atasikiliza nini?" Odeta aliuliza.

"Atanisikiliza mimi," Adelfina akasema. "Amekuwa akiikwepa kazi hiyo tangu tuoane."

Lakini Adelfina naye alianza kuogopa. Siku moja Odeta alisikiliza majina pale pale kwake, karibu na mafiga, akaanguka, nywele zikaunguzwa na moto. Adelfina alimvuta, akamfuta majivu usoni, akakaa naye chini. Alipoweza kusema, alisema kwa upole, kama mtu anayefungua kidonda.

"Mdogo wangu, saa hii itakuua. Labda Mungu anakuambia umwachie mtoto. Tumwombee misa. Tufanye na kuganduka, moyo upumzike."

Kuganduka ndiyo siku ya kuondoa msiba. Watu hunywa pamoja, waliofiwa huvua huzuni, na maisha yanashikwa upya. Ni desturi njema, imewainua wengi. Lakini ikishafanyika, aliyekufa amekufa. Hatafutwi tena. Odeta alijua: akikubali, itambidi aende kwa watu wa Msalaba Mwekundu kuwaambia waache, na redio airudishe kigingini. Na kama Iteka yu hai mahali, siku atakayoita, hakutakuwa na sikio la kumsikia. Akikataa, huenda moyo ukasimama katikati ya majina ya watoto wa wenzake, na sikio likakosekana vilevile.

Alisali siku nyingi. Moyo haukuacha kuruka saa ile ile. Mwishowe akasema, "Basi. Pikeni pombe."

Ndizi zikafukiwa, zikaiva, zikakamuliwa. Siku yenyewe uwanja wa Minani ulijaa. Katekista alikuja na kitabu chake, Bernadetha alikuja na wanawake wa kambini, na miongoni mwa majirani alikuwapo tabibu wa zahanati, kijana wa Kisukuma aitwaye Shibuda, ambaye Minani alimwalika kwa sababu alimtibia ng'ombe wake, ingawa alishamwambia mara nyingi kwamba yeye ni tabibu wa watu.

Ibada ilikuwa ianze alasiri. Odeta akaomba jambo moja.

"Niacheni nisikilize leo. Iwe mara ya mwisho. Nikimaliza, nitaizima kwa mkono wangu."

Wakatazamana. Nani angemnyima? Akaketi kwenye mkeka, akaifunga spika kifuani kama kawaida yake, akainamisha kichwa. Watu wakanyamaza hata kuku wakasikika wakiparua nyuma ya jiko.

Majina yakaanza. Moyo nao ukagonga mlango. Rozari ikaanza kuteleza vidoleni. Adelfina aliona midomo ya rafiki yake ikipauka, akamwita, "Odeta! Odeta we!" Odeta alimsikia, lakini kwa mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Akalala taratibu upande mmoja, spika ikiwa bado imekazwa kifuani, msomaji akiendelea kutaja watoto wa watu.

"Nipisheni," Shibuda alisema, akapiga magoti. "Shikamoo mama, unanisikia?"

"Maraha..." Odeta hakuweza kulimaliza.

Shibuda alishika kifundo cha mkono. Mapigo yalikwenda mbio, sawasawa mno, hayapandi wala hayashuki. Akafungua kitenge apate hewa, akaitoa ile spika nzito, akaiweka pembeni. Na hapo vidole vyake vikasikia kitu kilichomfanya ashtuke. Mara spika ilipoondoka kifuani, mapigo yalibadilika. Yakaacha mbio, yakayumba kidogo, yakashika mwendo mwingine, wa polepole.

Tabibu aliinua uso. Akaitazama spika. Sindano ya Odeta ilikuwa imenata kwenye lile donge jeusi.

"Mama, chini ya ngozi hapa kuna nini?"

"Betri ya moyo. Niliwekewa Nairobi."

Shibuda alifunga macho. Akasema kitu kwa Kisukuma ambacho hakuna aliyekielewa. "Isogezeni hiyo spika mbali," akasema. "Mbali zaidi. Huko kwenye migomba."

"Imekuwaje?" Minani akauliza. "Redio yangu imelogwa?"

"Ina sumaku."

Odeta alikuwa akipumua kwa kinywa, mkono wake mkononi mwa tabibu. "Bado unatetemeka huku juu," alinong'ona. "Nakufa?"

"Huko juu unatetemeka, naamini. Lakini huku mkononi mwangu unakwenda vizuri, kama mtu anayelima asiye na haraka. Tulia. Mashine ya kupimia sina hapa, lakini nilifanya kazi wodi ya moyo, na nitakuambia ninachokijua." Akaufuta uso kwa kiwiko, naye alikuwa ametoka jasho. "Kwetu tunalima kwa ngoma. Umewahi kuona?"

"Niliona huko Biharamulo," Adelfina akadakia. "Wanarusha majembe utadhani ni harusi."

"Basi. Kuna mwimbaji, na kuna safu ya majembe. Majembe yanafuata mwimbaji. Kwako wewe, mama, safu haimsikii mwimbaji, njia imekatika. Hiyo betri ni mpiga ngoma aliyesimama katikati. Anamsikiliza mwimbaji, anawapigia wa majembe. Mwimbaji akiharakisha kidogo, kwa kuwa unapanda mlima, naye anaharakisha. Sasa, siku nyingine mwimbaji analewa. Anaimba ovyo, mbio za wazimu. Mpiga ngoma mjinga angemfuata, na walimaji wangeanguka mmoja mmoja shambani. Huyu wako si mjinga. Akisikia wazimu, anabadilika mwenyewe. Anaacha kumfuata mwimbaji, anapiga mwendo wake wa wastani, ila sikio analiacha kule. Mwimbaji akilevuka, anarudi kumfuata. Ndivyo anavyofanya sasa hivi. Juu kuna ulevi, chini watu wanalima."

Odeta aliuweka mkono wake wa pili kifuani. Juu kulitetemeka. Chini kulikuwa na pigo, na pigo, na pigo.

"Na sumaku?" Minani akauliza.

"Sumaku ni kumziba mpiga ngoma masikio. Anapiga tu, mbio moja, hamsikii mwimbaji wala mtu. Mwimbaji anapigiwa kelele katikati ya wimbo wake, anachanganyikiwa, ndiyo huo ulevi unaanza. Na maadam masikio yamezibwa, ule ujuzi wake wa kubadilika hauwezi kufanya kazi. Mpaka uondoe sumaku."

Bernadetha hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Daktari, maneno yako matamu. Lakini mbona unaruka saa ya majina tu?"

"Ni saa gani nyingine anayojifunga spika kifuani?"

Wanawake wa kambini walitazama chini.

Odeta aliinuka kwa kiwiko. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu uwanjani aliisikia. "Kwa hiyo moyo wangu haukuwa unaniambia kwamba mwanangu amekufa?"

"Mama," Shibuda alisema, "moyo wako haukusema neno. Ulikuwa unagongwa."

Katekista aliifungia kalamu yake ndani ya kitabu, akakitia kitabu kwapani. Adelfina alijifunika uso kwa khanga. "Nusura tumzike aliye hai kwa pombe yangu," alisema. "Mungu wangu, nusura."

"Na pombe hii sasa?" Minani aliuliza, kwa kuwa lazima mtu aulize.

"Pombe haijui imepikiwa nini," mkewe akamjibu ndani ya khanga. "Wape watu wanywe."

Lakini Odeta hakunywa. Alikuwa na hofu nyingine. Tabibu amesema, ndiyo, na akikosea? Usiku ule alilala kwa Adelfina. Kesho yake redio ilitundikwa kwenye nguzo ya jiko, ng'ambo ya uwanja, na Minani akatoa mawe ya tochi yake ili sauti ifike. Odeta akaketi mlangoni, mikono mitupu, kifua kitupu, akihisi ubaridi pale ilipozoea kukaa spika. Adelfina aliketi karibu naye, amemshika mkono kama alivyofanya Shibuda, hajui kuhesabu mapigo, ameshika tu.

Msomaji akaanza. Jina, na jina, na jina. Odeta alisubiri kishindo. Alisubiri kama mtu anayesubiri kofi. Yakaja majina ya wavulana, yakaja ya ndugu wawili, akaja mzee anayetafuta wajukuu. Moyo wake ulikwenda upesi kidogo kwa woga, ukatulia. Hapakuwa na mlango uliogongwa. Majina yakaisha. Iteka hakutajwa.

Odeta akalia. Adelfina alianza kumfariji, "Kesho atatajwa, dada." Odeta akatikisa kichwa. "Silii kwa hilo. Nalia kwa sababu moyo umenyamaza. Hausemi amekufa. Haujui, kama mimi."

Tangu siku hiyo redio ikawa na nguzo yake, na kambini akaitundika kwenye mti wa kibanda cha Bernadetha, yeye akisikiliza kutoka mlangoni pake mwenyewe. Sindano alirudi kuipoteza vumbini. Mvua za vuli zikaja, zikapiga shitingi hata majina yakawa hayasikiki siku nyingine, na wanawake wakayapitisha kwa midomo kutoka kibanda hadi kibanda.

Ndivyo lilivyomfikia jina alilolisubiri. Ilikuwa alasiri ya manyunyu. Odeta alikuwa anachagua maharage. Redio ikasema: Iteka, binti wa Odeta mpishi wa masista wa Gitega, yuko kambini Kasulu, anamtafuta mama yake aliyevuka kwanza.

Bernadetha ndiye aliyepiga kigelegele. Akaja mbio kwenye matope, akamshika mkono. "Mama Iteka! Umesikia? Inuka! Twende kwa Msalaba Mwekundu kabla hawajafunga! Inuka we!"

Odeta hakuinuka. Kule juu, karibu na koo, kuku aliyefungwa miguu alikuwa ameamka, na safari hii hapakuwa na spika wala sumaku. Ilikuwa furaha, imemlewesha mwimbaji kabisa. Maharage yalikuwa yamemwagika yote. Alisikia kizunguzungu kikija, na woga wa zamani ukija nacho: nisife sasa, Bwana, si leo.

Akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake, kama alivyofundishwa na tabibu. Akasikiliza. Pigo. Pigo. Pigo. Majembe yalikuwa shambani, hayana haraka, hayajamfuata mlevi.

"Unangoja nini?" Bernadetha alikuwa karibu kulia.

"Ngoja kidogo, dada. Huko juu wanaimba ovyo."

"Mwanao anakuita!"

"Nimemsikia. Nataka nifike."

Akakaa, mvua ikimnyeshea magotini, akisema rozari bila rozari. Wanawake walikusanyika wakamzunguka, na hata Bernadetha akachuchumaa akanyamaza. Mtetemo ukapungua, ukarudi, ukapungua. Kisha, bila kuaga, ukaondoka, na Odeta akasikia mapigo yake yakipanda kidogo, yakimfuata tena mwimbaji aliyelevuka.

Akasimama, akakung'uta maharage mapajani, akajifunga kitenge upya. Bernadetha alitangulia mbele akimhimiza. Odeta alimfuata kwenye matope, taratibu, kwa mwendo wa majembe.